Koma ya Mtopanga

Wanaume watatu waliuvuta ule mti, na mti haukutikisika. Ishaka, katibu wa tawi la chama, alisimama kando na kofia yake mpya, akiwafundisha kazi ambayo yeye mwenyewe hakuigusa.

Ulikuwa mti mfupi, hauzidi goti, umefungwa kitambaa cheusi, uani kwa Bibi Kadzo, pale Mtopanga. Wagiriama huuita koma: maiti akija ndotoni kulalamika, husimamishiwa mti na kulishwa. Miaka michache nyuma Ishaka huyu huyu aliupiga teke mbele ya watu na kumwita bibi mchawi. Sasa ulikuwa mwaka wa sitini na tatu, kura zilikuwa mlangoni, na Ishaka amegundua ghafla kwamba ana uchungu na watu waliouawa na askari wa serikali ya mkoloni katika vita vya mwaka wa kumi na nne. Wengi hawakuwa wapiganaji. Walikuwa wakulima waliopigwa risasi kwenye maghala yao ya mahindi, miongoni mwao baba yake Kadzo na kaka zake wawili. Muda wote huo hakuna aliyewaulizia; sasa Ishaka aliutaka mti njia panda, uwe ukumbusho wao.

"Wamekufa watatu, na mti mmoja?" aliuliza Ngumbao, mmoja wa wavutaji, akipumzisha mikono.

"Umaskini," Ishaka akamjibu. "Hata tembo la mnazi hana la kumwagia, humpa maji tu. Afadhali. Maji hata sheikh hatayakataa."

Bibi Kadzo aliketi kizingitini. Hofu yake ilikuwa kwa bintiye. Mimba mbili zilimharibikia kabla koma haijasimama, na ya tatu sasa ilikuwa ya miezi minane. Akamwambia Ishaka kwamba anayemhamisha marehemu huyu ndiye atakayemlisha, na akimwacha na njaa atamwingilia nyumbani kwake. Je, yeye Ishaka na wanawe wako tayari kumchukua?

"Bibi, huyu ni baba yetu sote," Ishaka alisema, kwa sauti ya kufika barabarani. "Nimemchukua."

"Sema tena, watu wasikie."

Akasema tena. Bibi akanyanyuka, akawaonyesha upande wa kuchimba.

Jumapili nguzo ya saruji ilikuwa imesimama njia panda, mti umechomekwa juu yake kama mshumaa. Padri akaomba, sheikh akasoma Fatiha, wote wawili waliokuwa wakiukemea mwaka jana tu. Ishaka alihutubia mpaka watoto wakasinzia. Akalia, akafuta machozi, akachungulia kama mpiga picha ameona. Kisha akapiga goti mbele ya shujaa, akawapigisha goti na wanawe.

Likabaki jina la kuchora kabla saruji haijakauka. Kila alipoulizwa, bibi alinyamaza, na Ishaka akawaeleza watu kwamba wazee hawataji marehemu ovyo. Sasa akamshika mkono, akampandisha jukwaani, akamwekea kipaza sauti mdomoni.

"Jina lake silijui, mwanangu," Bibi Kadzo alisema. "Baba na kaka zangu walilala zamani, hawajaniomba kitu. Huyu asiye haya ni yule askari aliyewapiga risasi."