Jina Chini ya Kidole

Katika duka la vitabu mjini Tabora, siku mbili kabla ya Krismasi, nilifungua kitabu cha mtunzi mmoja kutoka Ziba kuhusu misafara ya zamani, nikamkuta marehemu baba yangu kwa jina lake: kirangozi, kiongozi wa msafara, aliyewatelekeza njiani wapagazi wake wenye ndui.

Miaka yote nimewafundisha wanangu uaminifu kwa mfano wake, na waliosema uongo niliwachapa.

“Babu, nichukulie hicho,” alisema mjukuu wangu Pelagia. “Nitawasomea wote mezani.”

“Chagua kingine.”

“Kwani baba yako hayumo?”

Kidole gumba changu kilikuwa kimelifunika jina lile. Kilikuwa kimelowa jasho, na wino ulianza kutoka.

“Yumo,” nilijibu, nikakiondoa kidole.