Mtandao wa Fuko na Manung'uniko ya Kasuku

Zamani, lakini si zamani sana, wanyama wa kampuni ya asali walipashana habari kwa kupiga kelele, mpaka asali ya harusi ya Swala ikafika wageni wameshaondoka. Wateja wakaanza kuhama. Mkurugenzi, Mama Tembo, akamwagiza Fuko atengeneze mtandao wa ndani, tena upesi.

Kesho yake Fuko akaufungua. Ulikuwa na ukurasa mmoja tu, wa oda za siku ile.

Kasuku, hodari wa kunung'unika, akacheka mpaka akakohoa. "Mzee Fuko, huu nao ni mtandao? Hata zamu zetu hazimo!"

"Kweli, Bi Kasuku," akasema Fuko, asiyejua kubishana. Jioni akaziweka zamu.

"Na nikitaka likizo nimwombe nani, ukuta?"

Fuko akaweka mahali pa kuombea likizo. Kasuku akalalamika kwamba maandishi ni madogo, yakakuzwa. Akalalamika kwamba hakuna mahali pa kulalamikia. Pakawekwa, naye akahamia hapo. Oda zikawa zinafika mapema, na wateja wakarudi.

Siku moja akaajiriwa Nguchiro. Akautazama mtandao, akabetua mdomo. "Mbona hauna picha? Nani kaujenga huu?"

Fuko akataka kujibu, lakini Kasuku akamtangulia, manyoya yamemsimama. "Shika adabu yako, mwanangu! Tumeujenga mimi na Mzee Fuko, na bado haujaisha."

Kisha akamsogezea kiti. "Haya, kaa hapa unung'unike vizuri. Picha gani?"