Mtambo wa Watu Arobaini

Bwana Mlekwa, mkurugenzi, aliisukuma ripoti mezani bila kumtazama Tunu. "Tia sahihi hapo, chini ya 'mtambo unafaa.' Waziri anazindua kesho."

Kwa wiki sita Tunu alikuwa ameupima mtambo wa kompyuta ambao ungetunza, ndani ya jengo la ofisi yao wenyewe, programu za hospitali zote nchini. Watengenezaji elfu tatu wa programu hizo wangeutumia kwa pamoja. Walipoingia arobaini, ulikwenda vizuri. Walipofika mia tisa, ulikwama, na kazi ya siku nzima ya watu kumi na wawili ikapotea.

"Mheshimiwa, uliusoma ukurasa wa nne, wenye matokeo ya vipimo?"

"Hizo kurasa ni zenu mafundi. Mimi kazi yangu ni kuona mbele."

Huyu mwona mbele alikuwa akichapishiwa barua pepe zake na katibu muhtasi, kisha akizijibu kwa kalamu. Tunu aliwasha majaribio ya watumiaji bandia elfu tatu, akamgeuzia kompyuta. "Basi ingia mwenyewe kwanza, mheshimiwa. Andika jina lako tu."

Manaibu wawili walikuwa wamesimama mlangoni wakitazama, hivyo Mlekwa hakuweza kukataa. Aliandika kwa kidole kimoja, akibonyeza kwa nguvu kama anayeua kunguni. Kiduara cha kusubiri kikaanza kuzunguka kwenye kioo.

Tunu alichukua kalamu, akakata neno "unafaa" kwenye ripoti, akaandika "haufai," akatia sahihi.

Mlekwa hakuona. Alikuwa ameinamia kioo, kidole kikiwa hewani, akisubiri kiduara kisimame.