Mwenye Mji Anakuja

Nati ilishika uzi wa shafti mzunguko mmoja na nusu, kisha ikagoma. Benson akaifungua, akaifunga tena, kana kwamba shafti ingeongezeka urefu kwa kuona huruma.

Seti aliyokuwa akiifunga kwenye mashine ilikuwa ya mtumba. Aliinunua juzi kwa Jilala, pale Mwigobero: misumeno miwili ya mviringo na visu vinne vya kukaa katikati yake, ili mashine ya meza ichimbe mfereji mpana kwa kupitisha ubao mara moja tu. Jilala aliapa kwamba inaingia kwenye mashine yoyote. Jilala huapa hivyo hivyo hata akiuza kofia.

Siku nyingine Benson angecheka. Leo aliogopa. Asubuhi Lilian alimtumia ujumbe: "Mwenye mji amepanda gari la kwanza kutoka Butiama. Anakuja mwenyewe kuona kabati. Anajua. Usikimbie."

Mke wa mtu ni sumu, watu husema, na Benson alikuwa ameinywa kikombe kizima akaomba cha pili. Mara ya kwanza Lilian alikuja hapo karakana, Mukendo, kuagiza kabati: rafu zikae ndani ya mifereji, lisipigwe hata msumari mmoja, ndivyo mwenye mji anavyotaka. Akarudi kuleta vipimo. Akarudi kubadilisha vipimo. Akarudi kuuliza rangi. Sasa alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na mimba hiyo haikuwa na mwenyewe mwingine ila Benson.

Huyo mume Benson hakuwahi kumwona. Lilian hakumtaja jina. Kwa adabu alisema "mwenye mji" tu, yaani mkuu wa boma. Alichojua Benson ni kwamba ni mtu wa umri, ana ng'ombe wengi, na akishasema neno amesema.

Lakini alikuwa ameamua. Angemwambia uso kwa uso: mzee, mtoto ni wangu, niachie na mama yake, ng'ombe zako nitarudisha hata kwa miaka kumi. Alimtaka mtoto huyo kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Ila alitaka kwanza mifereji iwe imechimbwa, maana hata mtu aliyekuja na panga husita kidogo mbele ya kazi nzuri.

"Hodi, fundi."

Aliruka, spana ikaanguka. Mlangoni alisimama bibi mmoja mwembamba mwenye viatu vya plastiki, mkoba kwapani.

"Karibu, mama. Kama ni stuli, leo sina nafasi."

"Nimekuja kuangalia kazi tu. Sina haraka." Akaketi juu ya rundo la mbao, akaielekea mashine.

Benson akachungulia barabarani. Hakukuwa na mtu. Akarudi kwenye mashine, akatoa kisu kimoja kati ya vile vinne, na safari hii nati ikashika sawasawa. Mfereji ungekuwa mwembamba. Ingebidi apitishe kila ubao mara mbili. Akaanza kupanga meno ya visu yakae kwenye mapengo ya misumeno, yasigongane. Vidole vilimsaliti.

"Mkono unatetemeka," bibi akasema. "Ni ugonjwa wa kwenu?"

"Hapana, mama. Ni mawazo."

"Kwenu ni wapi?"

"Suguti."

"Baba yako yuko hai? Alikuwaga mrefu hivi hivi?"

"Yupo. Amenipita."

"Na macho yake?"

"Mazima. Mpaka leo anatunga uzi kwenye sindano."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Benson akawaza kwamba wazee wakikosa la kufanya huchimba ukoo wa mtu, na huyu akiachwa ataomba kuhesabu meno.

Pikipiki ikasimama nje. Akashuka mzee wa mwili mkubwa, fimbo mkononi, akatazama huku na huku. Mzee akamlipa dereva, akavuka barabara, akaingia duka la dawa.

"Washa mashine, baba," bibi akasema. "Utakufa na kazi mkononi."

Akaiwasha. Ulikuwa ubao mrefu wa mninga, na kabla hajatafuta wa kuupokea upande wa pili, bibi alishasimama huko, mikono tayari.

"Sukuma. Nimeshika."

Wakaupitisha mara ya kwanza, wakaupitisha mara ya pili. Mfereji ukatoka umenyooka, laini mpaka kwenye kona. Benson akazima mashine. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alipumua vizuri, na bibi akapitisha kidole ndani ya mfereji kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Unamngoja nani? Shingo itakatika."

Labda ni kwa sababu alikuwa mgeni, na wageni huondoka na wanachokisikia. Benson akamwambia yote. "Kuna mzee wa Butiama anakuja. Nimempa mke wake mimba. Nataka nimwombe aniachie mtoto."

"Akikataa?"

"Sitakubali, mama. Ni damu yangu."

Bibi akapangusa unga wa mbao kwenye kitenge chake, akaketi tena pale pale.

"Mwenye mji ni mimi, baba," akasema. "Kwetu mwanamke asiye na mtoto huoa mke wa kumzalia. Ng'ombe kumi na nne za kumwoa Lilian nilitoa mimi, mji wangu usife, na kwa kabati moja nimemtuma kwako mara sita. Mtoto ni wangu. Nimekuja tu kuona atafanana na nani."