Jiwe Kwenye Foleni

Nyamizi alikuwa wa kwanza kabisa kuweka ndoo yake, alfajiri. Sasa aliikuta mwisho wa foleni, imelala ubavu. Bomba la uani lilikuwa bado kavu, na ndoo za wapangaji zilijipanga kuwashikia wenyewe nafasi.

"Nani kaisogeza ndoo yangu?"

"Upepo," alijibu Bi Mwanaheri, mwenye nyumba, huku akiendelea kukuna nazi. Wapangaji wakacheka. "Tangu bandari ipanuliwe mnamiminika kama siafu. Mtu wa kuja huteka yanayobaki, bibi wee. Kama hayakutoshi, rudi kwenu bara."

Nyamizi aliingia chumbani, akatoka amekumbatia jiwe la kusagia la marehemu mama yake, lile lile walilomchekea siku aliposhuka nalo kwenye lori, kwamba mji umejaa mashine za unga naye kaja na jiwe. Mishipa ya shingo ilimsimama. Alilibwaga mbele ya ndoo zote, chini kabisa ya bomba, na saruji ikapasuka.

"Haya," alisema. "Huo upepo uje tena."

Bi Mwanaheri aliinuka. Alilisukuma jiwe kwa mguu, mara ya kwanza kwa dharau, mara ya pili kwa nguvu zake zote. Halikutikisika. Hakuna aliyecheka tena.

Ndipo bomba likakohoa. Maji yakalipiga jiwe, yakauchokoa unga wa mtama uliogandamana humo miaka na miaka, yakatiririka meupe kama maziwa hadi kwenye nyayo za mwenye nyumba.