Sweta Kwenye Joto

Eliaichi alikikataa chuo cha kwanza kabla hajaona hata darasa moja. Alitoka kwenye banda la ng'ombe, akakung'uta viatu na kusema, "Siyo hapa."

Rafiki yake Victoria, aliyekuwa mwaka wa pili pale, alimshangaa. Alikuwa ameshamtafutia kitanda chumbani kwake. Chuo kilikuwa na maabara mpya, chakula cha kueleweka, na kutoka pale hadi Same ni basi moja tu.

"Si ndiye wewe uliyenililia kwenye simu kwamba umechoka kuwa peke yako?" Victoria alisema. "Hapa nipo mimi. Huko kwingine unamjua nani? Na hilo sweta livue, hapa si Gonja kwenu kwenye baridi, utaungua."

Eliaichi hakulivua. Lilikuwa sweta la bibi yake, zito, limetoboka kiwiko, na jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

Kulia alikuwa amelia kweli. Bibi ndiye aliyemlea, na alifariki mwaka jana, Eliaichi akiwa shule ya bweni, katikati ya mitihani ya kidato cha nne. Aliporudi Gonja alikuta matanga yamekwisha. Baba mdogo, Rodgers, alikuwa ameshagawa vyombo, ameuza vya kuuza na kufunga madirisha. Ile nyumba ilikuwa kimya mpaka inaumiza. Jioni alikuwa anasonga ugali wa mtu mmoja na kuula amesimama, maana kukaa mezani peke yake kulimshinda. Alitaka kusomea utabibu wa mifugo, lakini zaidi ya hapo alitaka mahali ambapo hatakuwa mpweke. Aliogopa kwamba mahali hapo hapapo tena.

Alipofika stendi ya Same alimpigia baba mdogo.

"Shikamoo, baba mdogo. Hebu niambie tu, ni chuo gani?"

"Marahaba. Mimi nitajuaje, Eliaichi? Chuo cha mifugo, basi. Upande huu viko vitatu, zunguka mwenyewe uangalie."

"Ungeniambia wewe ingekuwa rahisi."

"Nina kazi, mwanangu," alisema, akakata. Ndivyo alivyo Rodgers, mtu wa kumaliza mambo haraka, na simu pia.

Kwenye chuo cha pili, msajili alikuwa mama mcheshi. Alifurahi kupata mwombaji anayetaka kuona mifugo kwanza. "Wengine wanaanza kuuliza kama kuna intaneti," alisema. Akamtembeza banda zima. Eliaichi alipita kwa ng'ombe mmoja mmoja, akiwanyooshea mkono wa sweta, wao wakinusa na kurudi kwenye majani yao. Msajili akamwambia atakuwa mtaalamu mzuri, na kwamba nafasi yake ipo. Eliaichi akashukuru kwa adabu, akauliza njia ya kurudi stendi.

Chuo cha tatu, tuseme ukweli, kilikuwa kibaya. Bweni la wasichana lilivuja. Maji yalitoka siku yanapotaka. Msajili alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake, na wasichana wawili wakampita njiani kama wanapita mti. Eliaichi alitamani kitanda cha Victoria, akajiona mjinga wa mwisho.

Hata hivyo alikwenda bandani. Mhudumu, mzee aitwaye Daudi, alikuwa anafagia.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuangalia chuo."

"Marahaba. Chuo kiko kule madarasani, binti. Huku ni samadi tu."

"Nitaanzia huku."

Mzee Daudi akampisha, akaendelea na ufagio wake. Baada ya muda alisikia binti anaongea na simu mwisho wa banda.

"Victoria, nimepata chuo."

"Hicho cha mbali? Kina nini?"

"Bweni linavuja."

"Na unamjua nani huko?"

"Yupo mmoja," alisema Eliaichi.

Mzee Daudi aligeuka kutazama, ufagio ukamtoka mkononi. Yule ng'ombe mweusi waliyemnunua mwaka jana kwa bwana mmoja wa Gonja aliyekuwa anamaliza mambo ya msiba, yule ambaye tangu aletwe hajakubali mtu amguse kichwa, alikuwa ameuzamisha uso wake wote ndani ya lile sweta, na hakutaka kuutoa.