Zahanati Isiyo na Ngazi

"Wagonjwa wa juu mnawapandishaje?" aliuliza mwenyekiti wa kamati ya Bunge.

"Kwa kamba, mheshimiwa," alijibu mkurugenzi wa wizara. "Wenye nguvu wanapanda wenyewe."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Kikao kilikuwa kinarushwa moja kwa moja, na nyumbani mama yake alikuwa amewajaza majirani sebuleni waone mwanawe anavyoikaba serikali koo. Akaweka tai sawa. Leo mtu atatajwa, la sivyo huyu mkurugenzi atarudi kwa mkewe hana kazi.

"Zahanati ya ghorofa, ngazi hakuna. Mchoraji alikuwa amelewa?"

"Mchoro ulikuwa wa nyumba ya chini tu, mheshimiwa. Ya juu iliongezwa kwa agizo."

"Agizo la nani?"

Mkurugenzi akanywa maji. Akamwangalia mwenyekiti kwa huruma. "Tunaweza kuhamia swali la vyoo?"

"Usinizungushe, kaka! Wizarani nimekaa, chenga zenu nazijua zote."

"Basi ni waziri wa wakati ule. Msafara ulikuwa unapita, akashusha kioo cha gari, akasema, 'Mbona fupi hivi? Pandisheni!' Akafunga kioo, wakaondoka."

"Dirishani!" Mwenyekiti akapiga meza mpaka glasi zikaruka. "Mnamsikia, waheshimiwa? Yaani huyo hata funguo za banda la kuku usimpe!"

Wajumbe wakagonga meza. Mama mmoja mjumbe, aliyekaa pembeni ya mwenyekiti, akamvuta koti taratibu. Mwenyekiti akauondoa mkono wa mama huyo.

"Aitwe! Akae hapo hapo ulipokaa wewe, atueleze. Tena si wiki ijayo. Leo, kabla ya chai!"

"Kamati imeazimia," karani akasema kwenye maikrofoni, bila kuinua macho.

Mkurugenzi akainuka. Akapangusa kiti kwa leso, akakivuta nyuma kidogo, kama anavyowekewa mkubwa.

"Karibu, bosi," akasema.

Mwenyekiti akamtazama karani, akamtazama yule mama, akaitazama kamera. Halafu akainuka, akaizunguka meza polepole, akaketi, akakohoa.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akakiambia kiti kitupu kilichokuwa mbele yake, "kwanza nikushukuru kwa swali lako zuri."